Gaster Hakuwa Baba Yao

Ndugu msomaji, naomba radhi mapema. Historia ninayoisimulia hapa haina mfalme wala vita. Inahusu mtu ambaye hakuwahi kuzaliwa, na ambaye hata ndani ya hadithi yake mwenyewe haonekani ila kwa bahati. Anaitwa Gaster. Kwa ajili yake mimi na binamu yangu tulinuniana miezi minne, nasi tulikuwa tukilala chumba kimoja na kula sinia moja. Na binamu, kwetu Tanga, ni watani. Utani wa kila namna unaruhusiwa, hasira hairuhusiwi.

Mambo yalianza mwaka 2017, tukiwa kidato cha pili. Mjomba alituachia kompyuta kuukuu ambayo haikuweza kuchezesha gemu la mpira wala la magari. Undertale iliiweza. Gemu hilo lilitolewa Septemba 2015 na kijana wa Kimarekani, Toby Fox, aliyelitunga, akaliandika na kulitilia muziki, kazi kubwa ikiwa ni ya mikono yake peke yake. Picha zake ni za vidoti vidoti, kama gemu za zamani. Mtoto anatumbukia chini ya mlima na kuwakuta mazimwi waliofungiwa huko na wanadamu kwa kizuizi cha uchawi. Unaweza kuwaua wote. Unaweza pia usimuue hata mmoja, ukaongea nao mpaka mwisho. Ili kizuizi kivunjike zinatakiwa roho saba za binadamu, na mfalme wao amekwishapata sita. Hesabu iliyobaki unaiona mwenyewe.

Njiani unakutana na ndugu wawili, mifupa mitupu inayotembea: Sans, mvivu mwenye mizaha, na Papyrus, mwenye makelele na moyo mweupe. Majina yao yametokana na aina za herufi za kompyuta. Mwenye duka wa mji wao anasema siku moja walitokea tu. Walitoka wapi, mama yao nani, baba yao nani, hakuna anayesema.

Gaster sasa. Kila unapoanza upya, mchezo hujichagulia kimya kimya nambari kati ya 1 na 100. Ikiangukia mojawapo ya chache fulani, utamkuta mtu wa rangi ya kijivu amesimama mahali ambapo hapakuwa na mtu. Atakueleza kwamba kabla ya mwanasayansi wa mfalme unayemfahamu alikuwepo mwingine, Dakta W. D. Gaster, ambaye siku moja alitumbukia ndani ya mtambo alioutengeneza mwenyewe. Basi. Ukirudi, mtu wa kijivu hayupo. Watu waliopekua mafaili ya mchezo walikuta ukurasa wa maandishi yaliyoandikwa kwa alama za mikono na nyota, aina ya herufi iitwayo Wingdings. Naam, herufi tena! Hapo mashabiki wakaunganisha: herufi na herufi, huyu ni wa ukoo ule ule. Gaster ni baba yao.

Kwenye mchezo hakuna sentensi hata moja inayosema hivyo.

Lakini penseli hazingoji ruhusa. Mashabiki walichora katuni za Gaster kwa mamia, na iliyotutia wazimu sisi iliitwa Handplates. Humo Gaster anawaumba Sans na Papyrus maabarani, kisha anawapigilia skurubu za vibao vya chuma mikononi, vyenye alama ya kuwatambulisha kama vile ng'ombe. Anawafanyia majaribio ya kutisha, na anayafanya ili apate njia ya kuvunja kizuizi na kuwatoa mazimwi wote kifungoni. Wasomaji waligawanyika. Kuna waliosema ni katili tu, sababu nzuri haifuti skurubu. Kuna waliosema mtazameni uso wake, anajua anachokitenda na kinamla. Na kuna kundi la tatu, wenye midomo mikali kuliko wote, waliosema mjadala wenyewe ni batili, kwa kuwa jambo hilo halimo kwenye kanoni.

Binamu yangu alikuwa kundi la tatu.

Mimi nilichora yangu. Daftari la kurasa 32, kalamu ya wino wa buluu. Gaster wangu hakuteleza. Aliruka kwa hiari ndani ya mtambo, kwani asingeruka ungelipuka na wanawe wangekufa. Alijua watamsahau, akaruka hivyo hivyo. Niliona nimeandika jambo zito kweli, nikalitembeza darasani, watu wakasifu. Jioni nililikuta kitandani kwangu, kila ukurasa umekatwa kwa mstari mwekundu kona hadi kona, na nyuma ya jalada: UONGO. GASTER SI BABA YAO.

Nilitaka kumshinda, kwa hiyo nikaanza kusoma. Huo ndio mwanzo wangu wa kuipenda historia, nao haukuwa mwanzo mwema.

Kanoni, nilikuta, ni neno la kanisa: orodha ya vitabu vilivyokubaliwa kuwa Maandiko, vingine vikaachwa nje. Lililetwa kwenye hadithi za kubuni kwa mzaha. Mwaka 1911, huko Oxford, kijana aitwaye Ronald Knox, aliyekuwa mbioni kuwa padri wa Kianglikana, alisoma insha kuhusu Sherlock Holmes akizichambua hadithi zile kwa mbinu za wasomi waliokuwa wakiichambua Biblia: ipi ya kweli, ipi ya bandia. Arthur Conan Doyle alikuwa amemuua Holmes mwaka 1893, kwa kumchoka, kisha mwaka 1903 akamfufua. Knox akauliza, kwa uso mkavu, kama hadithi za baada ya kufufuka ni halali. Doyle mwenyewe alimwandikia barua mwaka 1912, akishangaa kwamba mtu ameshughulika kiasi hicho na mambo ambayo yeye mwandishi alikwishayasahau. Nilicheka sana. Sheria aliyonihukumia binamu ilizaliwa kama utani wa wanafunzi!

Ila silaha yangu kubwa niliipata kwingine. Toby Fox, mwenye kanoni yetu, alianza kama shabiki mkorofi. Kulikuwa na gemu la Kijapani la Shigesato Itoi, lililotoka Japani mwaka 1994 na Marekani mwaka 1995 kwa jina la EarthBound. Humo yumo Dakta Andonuts, mzee mwanasayansi, ambaye karibu na mwisho anazihamishia roho za watoto mashujaa kwenye miili ya roboti ili waweze kusafiri kwenda wakati uliopita. Kwa Itoi watoto wanarudi salama. Mwaka 2008 Fox, akiwa bado kijana, alilifumua gemu hilo na kutengeneza lake la siku ya Halloween. Kwake watoto hawakurudi. Dakta Andonuts amebaki na hatia, imemtia wazimu, na ndiye adui wa mwisho. Muziki wa pambano hilo, Megalovania, ndio ule ule unaopigwa ukipambana na Sans katika Undertale.

Soma tena polepole. Mwanasayansi wa mtu mwingine, akapewa dhambi na majuto ambayo mwenyewe hakumpa. Miaka saba baadaye mtu yule yule anatunga mchezo wake, anamweka mwanasayansi aliyepotea, na safari hii sababu haisemi kabisa. Mimi naamini alijua anachokifanya. Aliyewahi kuingia shamba la jirani anajua ni wapi ua huachwa wazi. Mwaka 2018 alitoa sehemu ya kwanza ya Deltarune, na sauti inayokukaribisha mwanzoni, isiyojitaja jina, iliwarusha mashabiki roho: ni Gaster! Mpaka sehemu ya tatu na ya nne zilipotoka Juni 2025, watu walikuwa bado wanabishana.

Basi nilimkabili binamu na yote hayo, mbele ya bibi, uani, anachambua mchele. Knox, Doyle, Andonuts, tarehe zote. Bibi akauliza huyo mtu tunayemgombania ni wa wapi. Tukamweleza kadiri tulivyoweza. Akasema kumbe ni kama mwana wa Liyongo: wengine husema alimchoma baba yake sindano ya shaba kitovuni kwa tamaa ya kuozwa binti wa sultani, wengine husema alikuwa mtoto mdogo aliyedanganywa na wakubwa, na yeye bibi kila mara alimhurumia mwana. Nikaona nimepata shahidi.

Binamu hakumjibu bibi. Alinigeukia mimi. Akasema, "Mtu akiondoka ameondoka. Usimtungie sababu."

Jamani, nilikuwa na miaka kumi na minne, lakini si kisingizio. Mume wa shangazi alitoka kwenda kazini siku moja mwaka 2009, binamu akiwa na miaka sita, hakurudi na hakuandika. Nyumbani kwetu palikuwa na masimulizi matatu au manne: amepata kazi melini, ana deni, amelogwa, aliondoka ili shangazi asisumbuliwe na wadai. Hili la mwisho lilipendwa zaidi, nasi watoto tulilelewa nalo. Nilikuwa nimelichora katika kurasa 32 na kulitembeza darasani, wala sikuliona.

Bibi aliendelea kuchambua mchele. Binamu akaingia ndani.

Tulianza kuongea tena wakati wa mitihani, kuhusu hesabu. Gaster hatukumtaja. Siku hizi yuko Mwanza, ana mtoto. Mwaka jana alinitumia ujumbe akiuliza kama lile daftari bado ninalo. Nikamjibu ninalo, na mistari myekundu imo vile vile. Akaniomba nimpigie picha ukurasa wa mwisho, ule wa kuruka. Nilimpigia. Kwenye ukurasa ule mstari mwekundu unaanzia kona ya juu na kuishia katikati, pale zilipo sura za wale ndugu wawili, na sikuwa nimewahi kuona kwamba haukufika chini.