Egerton: Shule ya walowezi iliyogeuka chuo cha umma

CHUO Kikuu cha Egerton, ambacho bewa lake kuu liko Njoro, takriban kilomita 25 kutoka jiji la Nakuru, ndicho chuo kikuu cha umma kikongwe zaidi katika eneo la kati la Bonde la Ufa. Historia yake yaonyesha jinsi taasisi iliyoanzishwa kwa manufaa ya wachache ilivyokuja kuwa mali ya wananchi wote.

Kilianza mnamo 1939 kama shule ya kilimo. Mwanzilishi wake, Lord Maurice Egerton wa Tatton, mlowezi kutoka Uingereza, alitoa ardhi ya ekari 740 ili vijana wa Kizungu wafunzwe ukulima. Mnamo 1950 shule hiyo ilipandishwa hadhi kuwa chuo cha kilimo cha kutoa stashahada. Waafrika hawakuruhusiwa kujiunga nacho hapo mwanzoni, hadi baadaye milango ilipofunguliwa kwa watu wa rangi zote.

Mnamo 1986 Egerton kilifanywa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Nairobi. Mwaka uliofuata, Bunge lilipitisha sheria iliyokifanya chuo kikuu kamili. Kilikuwa cha nne cha umma nchini baada ya Nairobi, Moi na Kenyatta.

Egerton nacho kimelea vyuo vingine. Lililokuwa bewa lake la Laikipia, karibu na Nyahururu, pamoja na vyuo vyake vishiriki vya Kisii na Chuka, vilipata hadhi ya vyuo vikuu kamili mnamo 2013. Mwaka huo huo, vyuo vikuu vya Kabianga katika Kaunti ya Kericho na Maasai Mara mjini Narok pia vilipata hadhi hiyo.

Chuo cha umma hutofautianaje na cha kibinafsi kama vile Kabarak, kilichoko pia Nakuru? Cha umma ni mali ya serikali, hupata fedha kutoka Hazina ya Kitaifa, na baraza lake huteuliwa na Waziri wa Elimu. Cha kibinafsi humilikiwa na wadhamini wake na hutegemea zaidi karo. Vyote viwili husimamiwa chini ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012.

Mwanafunzi anayetaka shahada sharti awe amepata angalau gredi ya C+ katika mtihani wa KCSE. Aliyepata C- anaweza kusomea stashahada katika taasisi kama vile Rift Valley National Polytechnic iliyoko Nakuru. Kwa hivyo, kukosa C+ si mwisho wa safari ya masomo.

Suala linalowakosesha wazazi usingizi ni karo. Kwa miaka mingi, mwanafunzi aliyedhaminiwa na serikali alilipa karo ya Sh16,000 kwa mwaka, na Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu (HELB) ikamsaidia kujikimu. Mnamo 2023 serikali ilianzisha mfumo mpya ambapo gharama hugawanywa kati ya ufadhili, mkopo na mchango wa familia, kwa kutegemea uwezo wa kila jamaa. Walalamishi walielekea kortini, na Desemba 2024 Mahakama Kuu ikaamua kwamba mfumo huo ulikiuka Katiba. Serikali ilikata rufaa.

Vyuo vyenyewe pia vimelemewa na madeni. Mnamo 2021 wahadhiri wa Egerton waligoma wakilalamikia kukatwa mishahara, na masomo yakavurugika.

Ardhi ya Njoro iliyotengewa watoto wa walowezi sasa husomesha watoto wa wakulima wa Molo, Bahati na Kuresoi. Iwapo wataendelea kumudu kusoma humo, hilo litategemea jinsi mzigo wa gharama utakavyogawanywa kati ya serikali na mzazi.