Skripti: namna gani programu moja inaita nyingine ndani ya kompyuta

Skripti ya sheli ni faili ya maandishi yenye amri zinazofuatana: fungua hii, nakili ile, kisha piga wimbo. Sheli ndiyo programu yenye kuzisoma na kuzitekeleza. Tuseme radio moja pale Luvungi, kwenye barabara ya taifa namba 5 kati ya Bukavu na Uvira. Umeme ukirudi usiku, kompyuta inapaswa kuita yenyewe skripti ya kurudisha vipindi hewani. Ikishindwa, ni kimya mpaka fundi afike.

Kwenye Linux, programu inajitengenezea kwanza nakala. Kazi hiyo inaitwa fork. Kisha ile nakala inaomba kiini cha mfumo kiweke programu nyingine pahali pake, na ombi hilo linaitwa execve. Kiini kinaangalia kama faili ina ruhusa ya kutekelezwa, halafu kinasoma herufi zake za mwanzo. Kikikuta #! kinaelewa kwamba haya ni maandishi, na msomaji wake ametajwa hapo hapo, mfano #!/bin/sh. Basi kinaanzisha huyo msomaji na kumpa jina la skripti. Dennis Ritchie wa Bell Labs, Marekani, alieleza mpango huo Januari 1980. Windows yenyewe haijali alama hiyo, inatazama mwisho wa jina: faili ya .bat inaenda kwa cmd.exe.

Sasa, shida inayosumbua mafundi wengi: skripti inaandikwa kwenye Windows, kisha inahamishiwa Linux kwa fleshi. Windows inamaliza kila mstari kwa herufi mbili, Linux kwa moja. Ile ya ziada, isiyoonekana, inajibandika kwenye jina la msomaji. Kiini kinatafuta programu isiyokuwepo, kinajibu kwamba faili haipo. Na wewe unaiona kwa macho yako kwenye folda! Tena, skripti isiyo na #! inaweza kukubali ukiianzisha kwa mkono, juu sheli inakusaidia kimya kimya, lakini execve inaikataa.

Hatari kubwa iko fasi nyingine. Kuna programu zinazounganisha amri na maneno ya mtu wa nje, kisha zinapeleka sentensi nzima kwa sheli. Msikilizaji akituma jina la wimbo lenye nukta-mkato na amri ya kufuta nyuma yake, sheli inaona amri mbili, na maktaba ya radio inaweza kufutika. Dawa ni kupeleka jina la skripti na maneno ya mtu mbalimbali, bila sheli katikati. Na ndani ya skripti, "$1" iwe kwenye alama za kunukuu.

Kwa faili za .bat hata hiyo haitoshi, kwani cmd.exe inachambua maneno upya kwa sheria zake. Aprili 2024 lugha ya Rust ililazimika kutoa toleo jipya juu ya tatizo hilo hilo.