Walipewa funguo tu

Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza kwamba maduka na mashamba ya wageni, Wagiriki, Wareno, Wahindi, yatapewa Wazaire. Wengi waliopewa walikuwa wakubwa wa serikali na jamaa zao. Wale wageni walikuwa wanafunza watoto wao dukani: bidhaa inaagizwa wapi, nani anakopa, nani halipi. Wenye kupokea hawakufunzwa na mtu. Waliuza vilivyokuwemo, pesa wakala, rafu zikabaki tupu. Kufikia 1976 serikali ilikuwa inawarudishia wenyewe mali zao, lakini maduka mengi yalikuwa yamekwisha kufa.

Sasa wewe mama unayeuza unga kambini: ukilala mgonjwa kesho, binti yako anaweza kusoma ile kaye ya madeni?