Mshipa ukikatika, mguu una masaa mangapi?

Wenzetu, tuliokuwa Rubavu mwisho wa Januari 2025 hatujasahau. Risasi na mabomu ya Goma yalivuka mpaka, yakaua watu hata huku Gisenyi. Ng'ambo, hospitali ya CBCA Ndosho, ambako wapasuaji wa Msalaba Mwekundu (CICR) wanafanya kazi tangu 2012, ilijaa majeruhi. Mpaka leo tunaulizana: huyu alipigwa risasi ya paja akabaki na mguu, yule wakamkata. Kwa nini?

Ni mambo ya damu. Mshipa mkubwa ukikatika, misuli iliyo chini yake inakosa damu, na ikipita masaa kama sita inaanza kufa kabisa. Zamani daktari alifunga mshipa kwa uzi ili mtu asiishiwe damu. Mguu wenyewe, basi, bahati yake.

Mwaka 1894 rais wa Ufaransa, Sadi Carnot, alichomwa kisu mjini Lyon. Akafa, sababu hakuna aliyejua kushona mshipa mkubwa uliokatika tumboni. Kijana aliyekuwa anasomea udaktari mjini humo, Alexis Carrel, hakukubali. Unajua alienda wapi? Kwa mama mmoja fundi wa kudarizi, akajifunza sindano nyembamba na uzi wa hariri! Mwaka 1902 akatangaza njia yake: nyuzi tatu zinavuta mdomo wa mshipa uwe pembetatu, halafu unashona upande mmoja mmoja. Mwaka 1912 akapewa Nobel.

Kumbe kujua si kufika. Vita ya pili ya dunia, kati ya majeraha 2,471 ya mishipa ya askari wa Marekani, yaliyoshonwa ni 81 tu. Majeruhi walichelewa barabarani. Waliofungwa mshipa, karibu nusu walikatwa. Vita ya Korea ikaja na helikopta na wapasuaji karibu na mapigano. Waliokatwa wakashuka hadi kama 13 kwa 100.

Kuna jambo lingine. Damu ikirudi, misuli inavimba ndani ya utando wake, inajibana, inakosa damu tena. Njo maana daktari anapasua ngozi na utando huo kwa urefu, anaacha wazi siku kadhaa. Mwenzetu mmoja ana kovu hilo, refu, kutoka chini ya goti hadi karibu na kifundo. Miezi yote tulikuwa tunasema walimchanachana ovyo. Hapana. Bila kovu lile angekuwa anatembea na magongo.