Joto na mionzi: tiba iliyohukumiwa kabla ya kufikishwa kwenye uvimbe

Mwaka 1866, daktari mpasuaji W. Busch wa Bonn, Ujerumani, alichapisha habari za mgonjwa mwenye uvimbe wa saratani usoni. Maambukizi ya ngozi yalimletea homa kali, na homa ilipopoa, uvimbe nao ulikuwa umetoweka. Mwaka 1898, Westermark wa Sweden alijaribu kufanya kwa makusudi kile kilichompata mgonjwa yule kwa bahati: alizungusha maji ya moto karibu na saratani ya mlango wa kizazi, na baadhi ya vimbe zikanywea.

Lakini eksirei ilikuwa imeshagunduliwa, 1895, na mionzi ndiyo iliyotwaa uwanja. Ililengwa na kupimwa kwa urahisi kuliko joto. Hata hivyo, mionzi ina mahali inapokwama. Ndani ya uvimbe mkubwa damu haifiki vizuri, na seli zilizokosa oksijeni huweza kustahimili mionzi karibu mara tatu ya nyingine.

Mwaka 1971, Westra na Dewey, watafiti wa Marekani, walionyesha kwamba seli zinaponakili DNA yake, hatua ambayo huwa sugu kwa mionzi, huwa dhaifu mno mbele ya joto. Seli zenye uhaba wa oksijeni na asidi nyingi nazo hulemewa na nyuzi 42 au 43 za Selsiasi. Juu ya hayo, joto huizuia seli kukarabati DNA iliyokatwa na mionzi. Kile ambacho mionzi inakiacha, joto linakimaliza.

Ndipo likaja pigo. Jaribio kubwa la Marekani la miaka ya 1980, la kuunganisha joto na mionzi, halikuonyesha faida kwa jumla, na hospitali nyingi zikakata tamaa. Naamini hukumu ile haikuwa ya haki. Vifaa vya wakati ule havikuweza kupasha vimbe kubwa ipasavyo. Zilizo chini ya sentimita 3 ndizo zilizoitikia vizuri zaidi.

Waholanzi hawakuliacha joto. Mgonjwa alilala katikati ya antena za mawimbi ya redio, mifuko ya maji ikiwa imegusana na ngozi yake, na vipimajoto vyembamba vikaingizwa hadi karibu na uvimbe. Akisema anaungua mahali, nguvu ya mashine ilirekebishwa. Alifanyiwa hivyo mara moja kwa wiki, mara tano, saa chache baada ya mionzi. Matokeo yalitoka katika jarida la Lancet mwaka 2000: kwa saratani ya mlango wa kizazi, waliokuwa hai baada ya miaka mitatu walikuwa asilimia 51 ya waliopata mionzi na joto, dhidi ya 27 ya waliopata mionzi peke yake.

Johannesburg nako, katika hospitali ya Charlotte Maxeke, joto la mashine liliongezwa kwenye mionzi na dawa kwa wanawake wenye saratani hiyohiyo, wakiwemo wanaoishi na VVU. Ripoti ya 2019 ilionyesha uvimbe ulidhibitiwa vizuri zaidi.

Kujifukiza nyumbani hakufanyi kazi hii, na joto halichukui nafasi ya mionzi. Linataka mashine, vipimajoto na wataalamu. Saratani ya mlango wa kizazi inawaua mama na dada zetu wengi Afrika Mashariki, na wengi hufika hospitali uvimbe ukiwa umeshakua. Wanaopanga huduma za mionzi kwetu wana wajibu wa kuuchunguza ushahidi huu kwa makini.