Kutia Rangi au Kurudisha Rangi? Asili ya Istilahi Moja ya Picha

Mara kwa mara wafasiri hukutana na maelezo ya picha ya kale yasemayo kwamba "imerudishiwa rangi". Usemi huo una kasoro, nayo haidhihiriki mpaka ifuatwe historia ya kazi yenyewe.

Upigaji picha ulipotangazwa mjini Paris mwaka 1839, watu waliustaajabia usahihi wake, wakasikitikia kukosa kwake rangi. Haukupita muda mrefu Johann Baptist Isenring wa Uswisi akaanza kutia unga wa rangi uliochanganywa na gundi juu ya bamba la picha, kisha akalipasha moto ili rangi ishike. Katika miaka ya 1860 Felice Beato, aliyekuwa na studio Yokohama, aliajiri wachoraji wa Kijapani wazipake picha zake kwa mkono. Mnunuzi alijua fika kuwa analipia kazi ya brashi.

Programu za kompyuta ndizo zilizolifunika jambo hilo. Photoshop ilitolewa mwaka 1990, na mwaka 1994 ikaongezewa matabaka. Picha ya asili hukaa chini bila kuguswa. Juu yake fundi huweka tabaka lililoamriwa kubeba rangi tu, huku mwanga na kivuli vikitoka katika picha ya chini. Kwa hiyo makunyanzi ya uso na mikunjo ya nguo hubaki vilevile, na jicho hudhani kuwa rangi nayo imetoka huko. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walionyesha mtandao wa neva bandia uliofunzwa kwa picha zaidi ya milioni moja, ambao hubahatisha rangi wenyewe. Nasema "hubahatisha" kwa makusudi: mashine huchagua rangi inayoelekea kufaa, haichagui ile iliyokuwapo.

Iliyokuwapo haimo tena. Kijivu kimoja (neno lenyewe latokana na jivu, nalo lafaa sana hapa) chaweza kuwa kilikuwa kijani au nyekundu. Tena bamba za awali, kabla ya uvumbuzi wa Hermann Vogel wa mwaka 1873, zilipokea mno buluu na kuikosa nyekundu; mbingu ikatoka nyeupe, joho jekundu likatoka jeusi. Fundi asiyelijua hilo atalipaka joho hilo weusi kwa moyo mweupe kabisa.

Madhara yake si ya nguo tu. Aprili 2021 jarida la Vice lilichapisha picha zilizotiwa rangi za wafungwa wa Tuol Sleng, gereza la Phnom Penh ambamo maelfu waliteswa kabla ya kuuawa kati ya 1975 na 1979. Ikagundulika kuwa baadhi ya nyuso zilibadilishwa pia, zikafanywa zitabasamu. Serikali ya Kambodia ilizilaani, na jarida likaziondoa.

Kwa hiyo "kurudisha rangi" kuachiwe picha za rangi zilizochujuka, ambazo rangi yake ilikuwamo kweli. Kazi ya brashi iitwe "kupaka rangi", na ya kompyuta "kutia rangi". Maelezo ya "picha iliyotiwa rangi" yataje miaka miwili: wa kupigwa na wa kutiwa rangi.