Neno Moja kwa Siku

Tarehe 1 Novemba 2021, watu 90 walicheza Wordle. Hao hata matatu tatu za abiria 33 hawajazi. Kufika tarehe 2 Januari 2022 wachezaji walikuwa zaidi ya 300,000, na wiki moja baadaye wakapita milioni 2. Kama ulikuwa Twitter mwezi huo, unakumbuka vile viboksi vya kijani, manjano na kijivu vilivyojaa kila mahali, watu wakiviposti asubuhi bila maelezo, na wewe ukijiuliza kwani kuna nini.

Hadithi hii kwa kawaida husimuliwa hivi: jamaa alitengeneza kamchezo, dunia ikakapenda, akakauza, akatajirika. Si uongo. Lakini inaruka kazi kubwa iliyofanyika kabla ya hao watu 90 kufika, kazi ambayo haikuhitaji ujuzi wa kompyuta hata kidogo.

Josh Wardle ni mzaliwa wa Wales aliyehamia Marekani, mhandisi wa programu, akiishi Brooklyn, New York. Alipokuwa kampuni ya Reddit alibuni vitu viwili vya ajabu. Cha kwanza, mwaka 2015, kilikuwa kitufe kimoja na saa inayohesabu sekunde 60 kurudi nyuma. Mtu akibonyeza, saa inaanza upya, ila kila mtu ana ruhusa ya kubonyeza mara moja tu. Cha pili, mwaka 2017, kilikuwa ubao mkubwa ambapo zaidi ya watu milioni moja walipaka rangi kidoti kimoja kimoja, na ukishapaka chako lazima ungoje. Tabia yake unaiona mapema: anakupa kitu kidogo, halafu anakuwekea kikomo.

Mchezo wa kukisia neno aliujaribu mwaka 2013, marafiki hawakuvutiwa, akauweka kando. Na wazo lenyewe halikuwa geni. Jotto, wa karatasi na kalamu, ulikuwepo Marekani tangu 1955, na kwenye televisheni kulikuwa na Lingo kuanzia 1987. Kisha ikaja korona. Wardle na mpenzi wake, Palak Shah, wakazama kwenye mafumbo ya maneno ya gazeti la New York Times, na jamaa akaamua kufufua mchezo wake wa zamani, umpe Shah kitu cha kuchezea. Unakisia neno la herufi 5, una majaribio 6. Herufi ikiwa sahihi na mahali pake ni sahihi, kijani. Ikiwa imo lakini si hapo, manjano. Haimo kabisa, kijivu. Jina Wordle ni kuchezea jina lake la ukoo.

Sasa tufike kwenye ile kazi. Maneno ya Kiingereza yenye herufi 5 ni kama 12,000, na mengi huyajui. Hata Mwingereza hayajui. Ukimtegea mtu neno ambalo hajawahi kulisikia, akishindwa haoni kuwa ameshindwa, anaona ameibiwa. Kwa hivyo Wardle akamtengenezea Shah mchezo mwingine ndani ya mchezo: programu inayomwonyesha neno moja baada ya jingine, naye anachagua kama analijua, halijui, au labda. Shah akapita yote. Yakabaki kama 2,300, akiba ya zaidi ya miaka 6 kwa neno moja kila siku. Mamilioni waliokuja baadaye walikuwa wanakisia, bila kujua, ndani ya msamiati wa mwanamke mmoja wa Brooklyn. Kwangu mimi huyo ndiye mtunzi mwenza wa Wordle, na inaniuma kidogo kwamba kwenye habari nyingi yeye ni "mpenzi wake" tu, yule aliyependa mafumbo.

Mchezo ulikaa kwanza kwenye kikundi cha WhatsApp cha familia. Walipoona kila mtu amenaswa, Wardle akauweka wazi mtandaoni mwezi Oktoba 2021. Hakuweka matangazo, wala akaunti ya kufungua, wala jumbe za kukusumbua eti umesahau kucheza leo. Neno moja, kisha kwaheri hadi kesho. Ukurasa wenyewe ulikuwa mwepesi kiasi kwamba hata bando la shilingi kumi halikutikisika. Wenye kampuni za michezo ya simu hulipa wataalamu kuhakikisha huondoki. Huyu alikuwa anakufukuza baada ya dakika tatu.

Viboksi vya rangi havikuwa wazo lake. Kuna wachezaji New Zealand walioanza kuchapa wenyewe, kwa mkono, miraba ya rangi kuonyesha walivyohangaika. Wardle akaliona, na mwezi Desemba akaongeza kitufe cha kukufanyia hivyo. Uzuri wake ni kwamba miraba inaonyesha safari yote bila kufichua jibu.

Hapo ndipo mimi huona ukoo wake na kitendawili chetu. Anayetega anasema "Kitendawili," mnaitikia "Tega." Mkishindwa anadai mji, mnampa mji, ndipo anafungua jibu. Hakuna askari anayelinda jibu pale. Aliyelisikia jana anaweza kulibwata kabla wengine hawajafikiri, na kitu pekee kinachomzuia ni kwamba ataharibia watu usiku. Wordle ulilindwa na heshima ileile, maana kwa upande wa kompyuta haukulindwa kabisa: orodha nzima ya majibu ilikuwa ndani ya ukurasa, yeyote anayejua kusoma msimbo angeona neno la mwaka kesho. Na Januari 2022 mtu akafanya hivyo. Akaunda roboti la Twitter lililomfuata kila aliyeposti viboksi vyake na kumwambia jibu la siku inayofuata. Twitter ikalifungia. Hasara yake ilikuwa nini, kwa shilingi na senti? Hakuna. Lakini fikiria ni chuki ya aina gani inamfanya mtu akae chini aandike programu ya kuharibia wageni dakika tatu za furaha.

Wakati huohuo waigaji wakaingia dukani mwa Apple na programu za jina hilohilo, nyingine zikidai malipo, hadi Apple ikaziondoa. Na Wardle alikuwa mtu mmoja, mwenye kazi yake ya mchana, mamilioni wakibisha mlango. Tarehe 31 Januari 2022 akatangaza kwamba ameuza mchezo kwa New York Times. Kiasi kamili hakikutajwa, ila gazeti lilisema ni la mamilioni machache ya dola. Katika tangazo lake alikiri kwamba mambo yalikuwa yamemlemea kidogo, kwani yeye ni mtu mmoja tu. Wengi mtandaoni walimtukana kwa kuuza. Mimi siwezi. Kitu ulichompikia mpenzi wako kikianza kuliwa na nchi nzima, hicho si chakula cha nyumbani tena, ni hoteli, na hoteli haiendeshwi na mtu mmoja usiku baada ya kazi.

Gazeti likaanza kwa kuondoa baadhi ya maneno, kama "slave" na "lynch". Lakini orodha ya Shah ilikuwa na mtego ambao hakuna aliyeweza kuuona kutoka kwenye kochi la Brooklyn. Mwanzoni mwa Mei 2022 rasimu ya uamuzi wa Mahakama ya Juu ya Marekani kuhusu uavyaji mimba ilivuja, nchi ikawaka. Na tarehe 9 Mei baadhi ya wachezaji wakafungua Wordle na kukuta jibu la siku ni "fetus", yaani kijusi. Gazeti lililigundua mapema na kuweka neno jingine, lakini waliokuwa hawajafungua ukurasa upya waliletewa la zamani. Likalazimika kueleza hadharani kwamba ni sadfa tu, kwamba neno liliingizwa mwaka uliotangulia. Ni kweli. Siku Shah alipolipitisha lilikuwa neno la kawaida ambalo kila mtu analijua. Mwezi Novemba mwaka huohuo gazeti likamteua Tracy Bennett kuwa mhariri wa Wordle. Kazi iliyofanywa na mtu kwa raha, akibonyeza "nalijua, silijui, labda", sasa ina cheo na mshahara.

Kuna waliokwenda njia nyingine. Mwingereza Colin Hughes alianzisha Project Euler mwaka 2001, mkusanyiko wa mafumbo ya hesabu ya kutatuliwa kwa kuandika programu. La kwanza ni rahisi kulisema: jumla ya namba zote chini ya 1000 zinazogawanyika kwa 3 au 5. (Jibu sitalitaja. Nipe mji.) Leo mafumbo yamepita 900, na bado ni bure, bado yanaendeshwa na watu wa kujitolea. Siri ya kudumu kwake, nadhani, ni mlango wake: kila fumbo lina chumba cha mazungumzo ambacho huingii mpaka utoe jibu sahihi. Jibu ni ufunguo. Ukiliiba, unaingia chumba cha watu wanaojadili kitu usichokielewa. Mwaka 2014 wadukuzi waliingia humo pia, ikabidi akaunti zifungwe kwa muda. Kwa hivyo hata waliokaa wadogo hawakuachwa kwa amani. Ila fumbo gumu halikusanyi milioni 2 kwa wiki moja, na huenda hilo ndilo lililowaokoa.

Nayasema haya kwa sababu Februari 2022 mimi na binamu yangu tuliingiwa na wazimu wa kuunda wetu, wa Kiswahili. Yeye alimaliza msimbo kwa usiku mbili. Mimi nilipewa maneno, nikadhani nimepewa kazi nyepesi.

Kwanza, karibu kila neno letu linaishia kwa irabu, kwa hivyo kiboksi cha tano kina uwezekano wa herufi 5 tu. Q na X hazina kazi. C haitembei bila H. Halafu vitenzi! "Akala" ni neno? "Tuone"? "Nikae"? Ukivikubali, orodha haina mwisho. Ukivikataa, mchezaji atakuuliza kwa nini unakataa maneno anayoyasema kila siku. Nikavikataa, nikabaki na nomino na sifa, nikaanza kupiga simu.

"Shangazi, samli unaijua?"

"Mwanangu, mimi ni wa Mombasa. Samli nisiijue vipi?"

Binamu zangu wadogo wa Umoja hawakuijua. "Shani" pia hawakuijua, wakadhani ni jina la msichana. Wao wakanitumia "mathe", "chapo" na "mbogi", zote herufi 5 kamili, na nilipomsomea Shangazi akacheka hiyo "mathe" hadi akakohoa, kisha akaniuliza kwa upole kama nimekosa kazi.

Nikafungua jedwali lenye safu tatu: wote wanalijua, hawalijui, labda. Wakati huo sikuwa nimewahi kusikia habari za Shah na programu yake. Tulifika maneno 412, tukacheza kwenye kikundi cha familia wiki tano, na siku ya "samli" vijana wa Umoja waligoma kabisa, wakasema huo ni uonevu. Siku ya "chapo" Shangazi alipata kwa jaribio la tano na hakumwambia mtu alivyoijua. Jedwali bado liko kwenye simu yangu. "Mathe" bado iko safu ya tatu.